Mwaka mmoja na taa ya wati 165 na pampu mbili za mawimbi katika tangi la matumbawe, Kampala

Nilikulia Mombasa, sasa ninaishi Ntinda, na nilifuga samaki wa maji baridi kwa miaka mingi kabla ya kupata ujasiri wa kuweka matumbawe sebuleni, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka baharini. Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 45, yaani lita 180 hivi kabla ya kuondoa nafasi ya mawe na mchanga. Nitazungumzia vifaa viwili nilivyovinunua kwa pamoja. Cha kwanza ni taa ya LED ya wati 165, ile nyeusi ya mstatili yenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha mwanga wa buluu na kingine cha mwanga mweupe. Cha pili ni jozi ya pampu za mawimbi za volti 24, ambazo kwa mujibu wa boksi lake kila moja husukuma hadi lita 4,000 kwa saa. Taa nimeipenda. Pampu nimezizoea, na kuzoea kitu si kukipenda.

Nianze na pampu, kwa kuwa ndizo zilizonitia hasara. Zikiwekwa nguvu kamili, pampu hizi huzungusha maji ya tangi langu zaidi ya mara 40 kwa saa, kiwango kinachowafaa wanaofuga matumbawe magumu ya matawi kama Acropora. Mimi sina hayo. Nina vishada vya Zoanthus, Sarcophyton moja mfano wa uyoga mkubwa, na Euphyllia moja yenye minyiri mirefu, na kwa matumbawe ya aina hii mizunguko 15 hadi 25 kwa saa inatosha. Kwa hiyo niliziweka pampu asilimia 50, nikaridhika.

Wiki ya tatu umeme ulikatika mchana nikiwa kazini. Uliporudi, kidhibiti kilikuwa kimesahau kila nilichokipangia, na pampu zote mbili zikaanza kwa asilimia 100. Mwanangu alinipigia simu akasema, “Baba, mchanga umehama.” Nilipofika nilikuta kioo cha chini upande wa kulia kikiwa wazi kabisa, mchanga umelundikana upande wa pili hadi kuwafunika Zoanthus nusu yao, na Euphyllia, ambayo kwa uzembe wangu ilikuwa imekaa mkabala na mdomo wa pampu, imejikunja hadi ndani ya kiunzi chake cha chokaa. Upande uliopigwa na maji ulikuwa umechanika nyama, na ncha nyeupe ya kiunzi ilitokeza mfano wa ukingo wa kikombe kilichomeguka. Ilichukua karibu miezi miwili nyama hiyo kurudi, na sehemu moja haijarudi hadi leo.

Kijitabu cha maelekezo hakisemi lolote kuhusu jambo hilo. Nilichofanya ni kuziunganisha pampu na inveta yenye betri, ili zisipate kuzimika hata kidogo. Kwa kuwa zinakula umeme mchache, betri moja inazibeba usiku mzima, na hilo lina faida nyingine: umeme ukikatika, matumbawe yanaweza kukaa bila taa siku moja au mbili bila kudhurika sana, lakini maji yakisimama, oksijeni hupungua baada ya saa chache, na samaki ndio wa kwanza kuhema juu ya maji.

Baada ya mkasa huo niliingiwa na woga, nikashusha pampu hadi asilimia 30. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo muuzaji hakuniambia. Wakati huo huo nilikuwa nikiipandisha taa taratibu, na Sarcophyton ikaanza kupauka na kujifunga. Hawa huvua utando mwembamba kama nta mara kwa mara, jambo la kawaida, lakini safari hii utando haukuondoka, kwa sababu hapakuwa na maji ya kuuchukua. Nyuma ya jiwe kubwa nako ukatanda ule uchafu mwekundu wa kuteleza unaopenda maji yaliyotulia. Nilitaka kupunguza mwanga. Bahati nzuri nilisoma kwanza. Ndani ya nyama ya tumbawe unaishi mwani mdogo sana unaolilisha kwa usanisinuru, na mwanga ukiwa mkali mwani huo hutoa oksijeni nyingi kupita kiasi, ambayo huligeukia tumbawe kuwa sumu isipobebwa na maji yanayopita. Nilirudisha pampu asilimia 50, nikazielekeza zipige kioo cha mbele ili mikondo ikutane na kuvurugana badala ya kupiga tumbawe moja kwa moja, na taa sikuigusa. Ndani ya siku nne utando uliondoka na Sarcophyton ikafunguka.

Tangu hapo ninapima mkondo kwa njia ya kijinga lakini ya kweli: ninasaga chakula kikavu cha samaki kati ya vidole, ninakidondosha, kisha ninafuata unga huo kwa macho. Unapotulia na kushuka, hapo pamekufa, pampu inahitaji kugeuzwa. Kwa Euphyllia ninatazama minyiri. Ikienda na kurudi, sawa. Ikilala upande mmoja muda wote, inaonewa.

Sasa taa. Rangi yake ya buluu ndiyo hasa matumbawe yanayoihitaji, yaani nanomita 420 hadi 460 hivi, kwa kuwa baharini mwekundu hufifia mita chache tu za kwanza na buluu ndiyo inayofika chini. Tatizo ni vitufe. Havina namba, na mwanga hauongezeki sawia: robo ya kwanza ya mzunguko hubadilisha kidogo tu, halafu ghafla unaruka. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu nikaweka nukta pembeni mwa kila kitufe, na kila Jumamosi nilisogeza nukta moja tu, buluu kwanza, mweupe baadaye, kwa wiki sita. Programu ya simu ya kupima mwanga nilijaribu nikaiacha, kwa sababu hupima kadiri jicho la binadamu linavyoona, na jicho letu huidharau buluu. Nimejifunza kusoma matumbawe yenyewe: yakipauka, mwanga umezidi, yakiwa ya kahawia na kurefuka shingo kuelekea juu, umepungua. Kwa sasa buluu huwaka saa tisa kwa siku na mweupe saa tano katikati, na kwa mipangilio hiyo taa inakula takriban nusu uniti ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa siku, gharama ninayoimudu.

Kuna kasoro mbili. Taa moja haitoshi tangi la sentimita 90. Inamulika vizuri sentimita 60 za katikati, na Zoanthus wa pembeni wamerefuka mpaka nimewahamisha. Pili, feni zake hunyonya vumbi letu jekundu pamoja na chumvi inayorushwa na maji, na mwezi wa saba moja ilianza kulia kama mlango mkavu. Niliifungua, nikaisafisha kwa brashi ya rangi, ikanyamaza. Nyongeza kwa wanaoishi huku: msimu wa senene, Novemba, usiache taa hii ikiwaka usiku dirisha likiwa wazi. Niliwakuta kumi na mmoja ndani ya maji.

Taa ningeinunua tena, safari hii mbili. Pampu ningezinunua kwa sharti moja. Mwombe muuzaji aiwashe, aiweke nguvu ya chini, achomoe waya, kisha aurudishe ukiwa umesimama hapo hapo. Nilipoenda kununua ya akiba nilifanya hivyo. Kijana aliyekuwa dukani alichomoa, akachomeka, pampu ikanguruma kwa nguvu zote ndani ya ndoo na kutulowesha sote wawili viatu. “Ssebo,” yaani bwana, akaniambia, “hii hata mimi sikuijua.” Alipanda ngazi hadi rafu ya juu, akashusha aina nyingine, na hiyo ilipochomekwa tena iliendelea polepole pale pale ilipoachwa.