Soko la Krismasi la Ufukweni Dubai: Mitende Safi, Theluji ya Sabuni

Nimeishi Dubai miaka minne, na kila Desemba husikia sifa za masoko ya Krismasi yanayoandaliwa na hoteli kubwa za ufukweni, lakini ni safari hii tu nilipolipa kiingilio cha dirhamu 50 na kuingia katika soko moja la Jumeirah. Niseme mapema kwamba hewa ya jioni ile ilinifurahisha kuliko chochote kilichouzwa ndani.

Asiyewahi kukaa hapa wakati wa kiangazi anaweza kudhani ninatia chumvi. Mwezi Julai joto hupita nyuzi 40, na kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba sheria hukataza kazi za juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:00 alasiri. Kwa aliyeivuka miezi hiyo, jioni ya Desemba yenye nyuzi 18 na upepo wa bahari ni sherehe tosha. Wenyeji hutoa kanzu zao nzito za kijivu na kahawia, na mimi niliyekulia Makete, ambako Juni umande huganda majanini, nilivaa sweta bila aibu yoyote.

Katika mapambo, mitende ndiyo iliyopendeza. Kila mmoja ulizungushiwa taa ndogo za manjano kuanzia shinani hadi kwenye makuti, na kwa kuwa Siku ya Taifa huadhimishwa 2 Desemba, bendera zilikuwa bado zinaning'inia kati ya nyota za karatasi, nyekundu na kijani za sikukuu hizo mbili zikichanganyika vizuri kabisa. Mti mkubwa wa katikati ulikuwa wa plastiki uliopuliziwa manukato. Sisi tuliozoea misindano, ambayo ukivunja tawi lake utomvu hukunata vidoleni mchana kutwa, hatudanganyiki kirahisi.

Kilichoniudhi ni theluji. Kila baada ya nusu saa mashine iliyofichwa juu ya paa la kibanda ilimwaga povu la sabuni, watoto wakashangilia kwa dakika chache, kisha ukabaki utelezi kwenye vigae na madoa meupe mabegani mwa watu. Dada wa Mombasa aliyeniuzia kakao alinionya kwa sauti ya chini, "Finika kikombe, kakangu, povu laja." Nilichelewa. Kakao yenyewe ilikuwa nzito na tamu, ingawa kwa dirhamu 30, na baada ya foleni ya dakika 40 iliyohudumiwa na wauzaji wawili tu, sikutarajia kuinywa na ladha ya sabuni.

Chakula kilikuwa cha kawaida. Ukumbi wa kulia, hata hivyo, ulikuwa na kiyoyozi kilichofunguliwa kwa nguvu kiasi kwamba watu walibeba sahani zao kwenda kula nje, ambako kulikuwa na joto kuliko ndani.

Mwenye watoto wadogo aende siku ya kazi, kabla ya saa 1 jioni, na awavalishe viatu visivyoteleza. Anayetaka kushika theluji hasa ni afadhali aende Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates. Mimi mwakani nitanunua chai ya karak ya dirhamu mbili kando ya barabara na kuketi ufukweni nje ya uzio, kwa maana mitende ile inaonekana vizuri kutoka pale.