Pho ya Ansan, kwa sisi tunaokosa supu ya asubuhi

Huu ni mwaka wangu wa pili Korea Kusini, na kitu nilichokuwa nakitamani kuliko vyote ni supu ya asubuhi. Ile ya Dar: kongoro, unakamulia ndimu, unatia pilipili, chapati pembeni. Wakorea wana supu yao ya mifupa ya ng'ombe, seolleongtang, nyeupe kama maziwa, chumvi unajitilia mwenyewe mezani. Inashibisha, ila haina viungo, na mimi nimelelewa na viungo.

Dada mmoja wa Hanoi, Vietnam, ninayefanya naye kazi kiwandani akanionea huruma. Jumapili akanipeleka Wongok-dong, ule mtaa wa wageni karibu na stesheni ya Ansan, kwenye kimgahawa cha meza saba.

Tukaagiza phở bò, yaani pho, supu ya tambi ya Kivietinamu, ya nyama ya ng'ombe. Bakuli lilipotua, hata kijiko sijashika, pua ikapokea mdalasini na karafuu. Moyo ukanipiga, nikajua hapa kuna pilau! Dada akanieleza kuwa mifupa huchemka saa nyingi, na tangawizi na vitunguu huchomwa kwanza motoni ndipo vitumbukizwe. Supu yenyewe ni angavu, unaona tambi za mchele zimelala chini. Juu yake kuna vipande vya nyama vyembamba mno, vimewekwa vibichi, vinaivia humo humo kwenye supu ya moto. Nilivitazama vikigeuka rangi taratibu. Kama hupendi hivyo, omba phở chín, nyama iliyokwisha kuiva. Mimi sasa naagiza hiyo.

Pembeni huletwa sahani ya choroko zilizochipua, majani ya rehani, ndimu na pilipili mbichi. Mimi nilitia vyote. Dada alikamua ndimu tu; kwao kaskazini, anasema, supu haifunikwi na majani, hayo ni mambo ya kusini, ya Saigon. Kisha akasema neno lililonigusa sana: kwao pho ni chakula cha asubuhi, watu wanaila kwenye vijistuli vya barabarani kabla ya kwenda kazini. Nikamwambia, dada, basi sisi ni ndugu.

Nuoc mam, ile sosi ya samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi, ina harufu kali. Aliyezoea dagaa hatashtuka. Bánh mì yao, ule mkate wa kujazwa nyama na mboga, sikuipenda, mkate ulikuwa umeshakauka. Na tambi usizicheleweshe, zinavimba na kunywa supu yote.

Bakuli ni woni 10,000, na mama wa jikoni akiona umemaliza supu anakuongezea bila kuombwa. Shida yangu na pale ni moja: wanafungua saa tano. Kwa hiyo Jumapili sinywi chai. Saa tano kasoro dakika kumi niko mlangoni.