Atelie ya pampu pale Nyawera: walikataa kunipa mashine yangu

Ninaandika haya kwa ajili ya kamati za maji za kisiwa cha Idjwi, na za vijiji vyote vya Ziwa Kivu ambako fundi hafiki ila kwa boti. Mimi ni trezorie, yaani mtunza pesa, wa kamati ya maji ya kijiji kimoja cha Idjwi Kusini. Ninakaa Bukavu tangu nilipoolewa, kwa hiyo kitu kikiharibika kule, simu ya kwanza inalia kwangu.

Pampu yetu tulipewa na mfadhili. Inavuta maji ya chemchemi, inayapandisha mita 60 hadi kwenye tangi, halafu yanashuka yenyewe mpaka kwenye robine tano. Waya wa umeme haujafika kwetu, inatumia pano za sola na ondulere, kile kifaa kinachogeuza umeme wa pano uweze kuendesha mota. Siku ya kuizindua kulikuwa na ngoma, hotuba na mbuzi wawili. Fundi aliyeifunga alipanda boti jioni ile ile, akatuachia ufunguo wa banda na kitabu kinene cha Kifaransa.

Kiangazi cha pili chemchemi ilipungua. Kile kifaa kinachozuia pampu isizunguke bila maji kikaizima, na kilifanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini hakuna aliyekuwa ameelezwa. Watu wakadhani ni ubovu, kijana mmoja mwenye nia njema akaunganisha waya mbili ili kukiruka kile kifaa, pampu ikazunguka kavu mchana kutwa, ikaungua. Miezi minne wanawake wakarudi ziwani na bidoni, na kila mtu wa huku anajua kipindupindu kinavyozunguka kandokando ya ziwa hili. Muuzaji, ambaye yuko mji mwingine, alitaka dola 2,300 za pampu mpya, pesa mbele, na nauli ya fundi juu yetu.

Ndipo dereva wa boti pale Beach Muhanzi akanielekeza kwenye hii atelie, yaani karakana. Haina kibao. Ukitoka soko la Nyawera, hapa Bukavu, unashuka kidogo, unasikia grainda kabla hujaona mlango. Ndani kuna mota zimepangwa chini kama mitungi, kila moja na karatasi yenye jina la mahali ilikotoka: Kalehe, Minova, Katana, Idjwi. Wanabobina mota, yaani wanazungushia waya mpya ndani yake, na wanatengeneza pampu, ondulere na jenereta.

Fundi mkuu, mzee wa miaka sitini hivi, aliifungua mota mbele yangu. Akanionyesha waya ulivyokuwa mweusi, rulema (beringi) zilivyoliwa, na joenti, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje, iliyoyeyuka kwa joto. Akaandika devi, yaani makadirio ya bei: kubobina upya, rulema mbili, joenti mpya, kupaka vanishi na kujaribu, jumla dola 380. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha akaniuliza: «Mama, ikirudi kule, nani ataiangalia?»

Nikamjibu kwamba ni yule kijana.

«Na yeye akisafiri?»

Sikuwa na jibu. Akasema ataitengeneza, lakini haitatoka mlangoni mpaka nilete watu watatu wa kijiji wakae wiki mbili wajifunze. Nilikasirika, nakiri. Nilikuwa na pesa mkononi na kijiji kina kiu. Nilimwambia kwamba mashine ni yetu. Akanijibu kwa utulivu kwamba amekwisha kubobina pampu moja ya kisiwani mara tatu, na mara ya nne hataki kula pesa za watu maskini.

Hapo ndipo sifa yangu yote ilipo kwa hawa watu. Tuliketi kwenye benchi, akachukua karatasi, akaniuliza mambo ambayo hata mfadhili hakutuuliza. Mko watu wangapi? Nikasema 1,200. Kila mtu lita 20 kwa siku, yaani bidoni moja, ni lita 24,000. Pampu inatoa lita 4,000 kwa saa, kwa hiyo inahitaji saa sita za jua zuri kila siku. Na mvua za Novemba, jua la saa sita liko wapi? Kwa hiyo tangi lazima libebe akiba ya siku nzima, na letu lilikuwa la lita 10,000 tu. Robine tano kwa watu 1,200 ni sawa kwa sasa, maana hesabu ya watu wa maji ni robine moja kwa watu 250. Halafu akaongeza watu watatu kwa kila mia kila mwaka: baada ya miaka kumi tunapita 1,600, na robine hizo hizo tano hazitoshi.

Alisema jambo ambalo nimelirudia katika kila mkutano wa kamati tangu siku ile. Pampu utaibadilisha baada ya miaka michache, lakini bomba likifukiwa linakaa mpaka watoto wako wazeeke. Basi pampu nunua ya watu wa leo, bomba nunua la watu wa kesho. Sisi tulifanyiwa kinyume: pampu kubwa ya kupendeza machoni na bomba jembamba.

Kuhusu watu, alikuwa mkali zaidi. Hakutaka vijana watatu wa kiume. Alisema kijana akishajua kushika bisibisi na kusoma volti, Goma inamwita, na hawezi kulaumiwa, anatafuta maisha. Alitaka mmoja kijana, mmoja mwenye mizizi, na mmoja anayejua kuandika. Tukapeleka yule kijana aliyeunganisha waya (mzee mwenyewe alimtaka, akisema aliyeunguza hasahau), mjane anayeuza maji kwenye robine ya kwanza, na mwalimu wa shule ya msingi. Walilala kwangu Kadutu, wote watatu, wiki mbili. Asubuhi wanashuka atelie, jioni wanarudi na mikono myeusi wakibishana kuhusu fyuzi mezani pangu.

Walifundishwa kufungua na kufunga pampu, kubadilisha joenti na rulema, kupima volti za pano, kusafisha kile kifaa cha kuzuia kuzunguka kavu, na kuandika daftari: saa za kazi, mita ya maji, kilichosikika, kilichobadilishwa. Wakapewa sanduku la piesi zinazokufa mara nyingi, lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mjane na mwingine kwa mwalimu. Mafunzo hayakulipiwa. Piesi za sanduku zilitugharimu dola 95.

Mabaya yapo pia, na ni haki yenu kuyajua. Waliahidi siku kumi, ikawa wiki tatu na siku mbili, na mara mbili nilifika nikaambiwa waya wa kubobina haujavuka kutoka Rwanda. Walifundisha kwa ondulere ya aina nyingine, kwa hiyo yetu yenye vitufe tofauti ilitusumbua siku ya kwanza kule. Na karatasi zote walitoa kwa Kifaransa. Mjane wetu anasoma Kiswahili vizuri sana, Kifaransa hapana. Nilipolalamika, mwanafunzi mmoja wa pale alikaa na mwalimu wetu wakaiandika upya karatasi ya matengenezo kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, na imebandikwa ukutani kwenye banda. Ombeni hiyo ya Kiswahili tangu mwanzo.

Tuliporudi, kamati ilikubali jambo gumu kuliko yote: mshahara. Bidoni inauzwa franga 50. Zamani pesa ile ilikuwa inaingia na kutoka bila kujulikana. Sasa inagawanywa mara tatu kila Jumamosi: ya wanaoangalia mashine, ya piesi, na ya pampu ijayo. Kuna wazee waliosema maji ni ya Mungu, kwa nini mtu alipwe. Mwalimu akawajibu kwamba maji ni ya Mungu, rulema ni ya dukani. Wakacheka, wakakubali.

Miezi saba baadaye kijana akaenda Goma, kama mzee alivyosema. Nilipopata habari usiku ule sikulala. Wiki iliyofuata mjane akanipigia saa mbili asubuhi: pampu inavuja chini. Nikaanza kutafuta nauli ya fundi. Akaniambia, «Hapana mama, nakuarifu tu. Nimeshaifunga, mwalimu analeta ufunguo wake.» Saa tano akapiga tena, maji yanapanda. Joenti ilikuwa imelika. Aliibadilisha yeye mwenyewe, akaandika kwenye daftari, na Jumamosi akanunua nyingine ya kurudisha sandukuni. Sasa anamfundisha binti yake na kijana mwingine.

Ukienda pale, piga picha ya kile kibati cha mota chenye namba, na ya ondulere pia, ili wasifundishe kwa nyingine. Jua idadi ya watu wa kijiji chako kabla hujaketi kwenye benchi. Wanafungua Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi ndiyo saa nzuri, maana mchana umeme ukikatika kazi inasimama. Na tafuta mapema mahali pa kuwalaza watu wako watatu.