Mti wa watoto kukwea uani Dodoma: mpera kwanza, mkwaju kwa mwenye subira

Ukifika kwenye kitalu cha miche utaulizwa kama unataka kivuli au matunda. Anayetaka mti wa kukwewa na watoto aulizie tawi: lianze chini, lisipite kifua cha mtu mzima, liachane na shina kwa upana, na lipinde kabla ya kukatika.

Nafasi ya kwanza tunaupa mpera. Matawi yake ni magumu, gome ni laini, halichuni magoti, na mti hauendi juu sana, kwa hiyo hata anayeanguka hatoki mbali. Ukipata maji ya kutosha, mwaka wa nne au wa tano unambeba mtoto wa darasa la kwanza. Mapera yaliyoanguka yaokotwe kila siku, la sivyo funza watajaa na chini patateleza.

Wa pili ni mwembe wa kubebeshwa, yaani kikonyo chake kimeungwa juu ya shina la mwembe mwingine. Huo hutawanya matawi mapema, ilhali uliooteshwa kwa kokwa hupaa kwanza. Unapopanda, mahali ulipoungwa pabaki juu ya udongo. Utomvu wake huchubua ngozi, hasa wakati wa kuchuma.

Mkwaju ni wa tatu kwa sababu moja tu, uvivu wa kukua. Kwa ugumu wa mbao hakuna unaoukaribia. Ukame wa huku ni kwao, na upepo wa kiangazi hauutishi. Ila usitarajie kumwona mtoto juu yake kabla ya miaka kumi.

Mwarobaini uwe wa kivuli tu. Mlonge, mkrismasi na mgrivea usikwewe kabisa. Mzambarau nao huponza wengi: tawi nene, zuri kwa macho, hukatika ghafla.

Kwenye kitalu, mche mrefu ndani ya kiriba kidogo (mfuko wa plastiki unaooteshewa mche) uuache, hata ukipunguziwa bei. Minya kitako cha kiriba: ukihisi mizizi imejiviringisha kama kata ya kubebea ndoo, mti huo ukishakua utakuja kung'olewa na upepo. Kwa mkwaju hili ni baya zaidi, maana mzizi wake mkuu huwahi kuzama. Chukua mche mfupi, shina nene kama penseli, uliokwisha kuzoea jua.

Panda mvua zikishika, Desemba. Shimo sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Ukikuta tabaka gumu, litoboe kwa mtaimbo, vinginevyo maji yatasimama na mizizi itaoza. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Mbichi huunguza na huita mchwa. Matandazo yakae shubiri moja mbali na shina, kwa sababu hiyohiyo ya mchwa. Kiangazi, ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, miaka miwili ya mwanzo. Zungushia miiba, mbuzi hawana subira.

Mti ukifika mita moja na nusu, kata kilele kwenye mita moja. Baki na matawi matatu au manne, yanayopishana kiganja kimoja au zaidi. Matawi mawili yakiachana kwa pembe nyembamba ya V, moja liondoe mapema. Gome hunasa katikati na siku moja hupasuka. Tawi likiwa jembamba kuliko mkono wa mtu mzima, watoto wasubiri.

Kaa mita sita kutoka ukutani na kwenye shimo la choo, nane kwa mkwaju, na kamwe si chini ya nyaya za umeme. Uzio wa minyaa nao uwe mbali: tawi likivunjika, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.