Seti ya kuanzia Arduino: bredibodi yake ina jambo ambalo kijitabu hakisemi

Seti hii niliinunua Kariakoo kwa ajili ya mdogo wangu wa kidato cha tatu, na tumekuwa tukiitumia pamoja jioni. Ndani mna bodi ya aina ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kujifunzia elektroniki, unayoiandikia programu), bredibodi ya matundu 830 (ubao wa kuunganishia vifaa bila kulehemu), nyaya za jampa za kuunganishia, rezista za kupunguza mkondo, swichi za kubonyeza, taa za LED na kimota kidogo. Bodi ni nakala, na mimi sina tatizo na hilo: michoro ya Uno iko wazi, yeyote anaruhusiwa kuitengeneza. Chipu ni ileile ATmega328P, inakwenda kwa 16 MHz.

Kompyuta haikuitambua bodi mpaka tulipoweka draiva ya CH340 (programu ya chipu inayounganisha bodi na USB), ambayo nakala nyingi huihitaji. Waya wa USB nao uangalie, maana kuna nyingine ni za kuchajia tu, hazipitishi data.

Baada ya hapo tukaanza na taa. Pini ya 8 inaingia kwenye rezista ya omu 220, rezista inaingia mguu mrefu wa LED, mguu mfupi unarudi GND, yaani upande wa hasi wa bodi. Hesabu yake ni nyepesi na mwanafunzi aifanye mwenyewe: volti 5 toa kama 2 zinazobaki kwenye LED nyekundu, gawanya kwa 220, unapata takriban miliampia 14. Pini inamudu 20 bila taabu. Rezista za seti hii zina mwili wa buluu na mistari mitano ya rangi inayoonyesha thamani, na usiku kahawia na nyekundu zinafanana mno. Pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), usikisie.

Sasa swichi. Tuliipachika upande wa mbali wa bredibodi, juu ya ule mfereji wa katikati, mguu mmoja pini ya 2, mwingine kwenye mstari wa hasi, ile safu ndefu ya matundu ukingoni iliyounganishwa na GND. Programu ilikuwa na INPUT_PULLUP, amri inayotumia rezista iliyomo ndani ya chipu, kwa hiyo rezista ya ziada haikuhitajika. Ukibonyeza, kimya. Taa iliyo karibu na bodi inawaka vizuri, swichi haisikiki kabisa. Nikaweka multimita kwenye mlio wa kupima mwendelezo (hulia ncha zake mbili zikiwa zimeunganika), ncha moja mwanzo wa mstari wa hasi, nyingine mwishoni: hakuna mlio. Ukiinamisha bredibodi kwenye mwanga unaona mistari ya rangi imeachwa pengo katikati. Pale ndipo chuma cha ndani kilipokatwa! Vijipande viwili vya jampa, kimoja cha chanya na kimoja cha hasi, vikaunganisha nusu zote mbili, na swichi ikaitika papo hapo.

Bredibodi nyingi ndefu hutengenezwa hivyo, wala si ubovu. Kinachoniudhi ni kijitabu kutotaja hata neno moja, wakati ndicho mwalimu pekee wa mtoto anayejifunza nyumbani. Kuna vijana wengi wataamini chipu imeungua na kuachia hapo.

Pamoja na hayo, naipendekeza. Matundu yanashika waya imara na bodi haijasumbua tena. Multimita nunua siku hiyohiyo, hata ya bei ya chini. Kile kimota msikiunge moja kwa moja kwenye pini, kinavuta mkondo mkubwa kuliko pini inavyoweza kutoa. Kinataka transista na diodi, na humu havimo, itabidi mvitafute kando.