XCOM: kushika eliani muzima, hapo njo utamu iko

Nimemaliza XCOM: Enemy Unknown (muchezo wa kompyuta wa kupigana na maeliani, viumbe vya anga vyenye kuvamia dunia; ile ya kampuni Firaxis ya 2012) hapa Goma, kwa kompyuta ya mukubwa wangu, na kitu chenye kinanishika mupaka leo ni kuhoji wafungwa. Kuua ni rahisi, lakini ukiua eliani, silaha yake inapasuka vipande-vipande, ukimushika muzima unaipata nzima, bure. Shida ni kwamba mutu wako lazima asogee karibu kabisa na ile mashini ya kupiga shoti, eliani akiwa amebakisha damu kidogo tu, unaona nafasi ya kufaulu ni asilimia 70 unasema sawa twende, inakosa, na askari mwenye ulimupa jina la mudogo wako anakufa palepale. Mudogo alininunia siku mbili!

Tena lazima kwanza ujenge gereza chini ya kambi. Kumuhoji Sectoid (aina moja ya eliani) kunaharakisha utafiti wa silaha za miale, ile inasaidia sana. Mara ya kwanza nilikuwa nangojea majibu umeme ukakatika, na sikuwa nimeseyivu, basi kwaheri Sectoid.

Ila mahojiano yenyewe ni mafupi mno, huchagui hata swali moja, na mufungwa hatoki mule muzima. Dada yangu aliangalia akaniambia, "Yaya, huku si kuhoji, ni kumaliza mutu." Nikakosa jibu. Nyota ine kwa tano.