Tairi la Mbele Kwanza: Uchambuzi wa Matairi ya Baiskeli za Milimani kwa Njia za Mombasa

Assalamu alaikum na karibuni, ndugu watazamaji. Mezani mbele yangu kuna matairi manne ya baiskeli ya milimani, na swali la leo ni moja: lipi litashika ardhi katika njia tunazopita sisi watu wa Mombasa, ambapo asubuhi moja tu mtu anaweza kuondoka kwenye lami ya Nyali, akapita mchanga wa ufuoni, akaingia kwenye mwamba wa matumbawe chini ya mivinje ya Bamburi, kisha akamalizia kwa kupanda vilima vya Nguu Tatu?

Nianze kwa tahadhari. Uchambuzi mwingi tunaoutazama mtandaoni hutoka Uingereza, Kanada na majimbo ya baridi ya Marekani, na wachambuzi wa huko husifu mno mpira laini kwa sababu mpira hukakamaa kwenye baridi, na kwa sababu wao hupita juu ya mizizi iliyolowa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hapa kwetu ni nadra halijoto kushuka mbali chini ya nyuzi 20, hata usiku wa Julai kusi inapovuma. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A, na matairi mengi ya milimani huangukia kati ya 42 na 70, namba ndogo ikimaanisha mpira laini zaidi. Mpira wa kadiri, ambao kule ungelalamikiwa kuwa mgumu, hapa hubaki mnyumbufu wa kutosha, na ule laini kabisa huliwa upesi na lami ya moto ya barabara ya Malindi, ambayo wengi wetu hatuna budi kuipita ili tufike kwenye njia zenyewe. Kwa hivyo msikimbilie kulipa zaidi kwa ajili ya ulaini peke yake.

Hukumu yangu naitanguliza, ili asiye na muda aondoke nayo: pesa nyingi ziende kwenye tairi la mbele. Tairi la nyuma likiteleza, baiskeli huyumba na mara nyingi mpandaji huirudisha. La mbele likiteleza kwenye kona, mtu yuko chini kabla hajajua kilichotokea. La mbele ndilo linaloongoza, na ndilo linalobeba kazi kubwa ya breki kwenye mteremko. La nyuma hubeba uzito zaidi na kusukuma baiskeli, kwa hiyo hulika haraka zaidi. Kazi hizi ni mbili tofauti, na sioni sababu ya kununua matairi mawili yanayofanana eti kwa kuwa yanauzwa kwa jozi.

Tairi la kwanza ni Maxxis Minion DHF, inchi 29 kwa 2.5, yaani namba ya kwanza ni ukubwa wa gurudumu na ya pili ni upana wa tairi. Herufi F imewekwa kwa ajili ya mbele, na lipo dada yake, DHR, lililokusudiwa nyuma. Herufi WT mnazoziona ubavuni zinaonyesha kwamba umbo lake limepangwa kwa rimu yenye upana wa ndani wa milimita 30 hadi 35. Likifungwa kwenye rimu nyembamba ya zamani, hujiviringa na meno ya pembeni hayakai yanapotakiwa. Kamera isogee hapa kidogo. Meno ya kati yamechongwa kwa mteremko upande wa mbele ili yaviringike bila kukwama, lakini upande wa nyuma yamesimama wima ili yaume ardhi unapofunga breki. Kati ya meno hayo na yale ya pembeni kuna mfereji mtupu unaozunguka tairi lote. Mfereji huo ndio tabia ya tairi hili: ukilaza baiskeli nusunusu, utakuwa juu ya nafasi tupu na utahisi mshiko umepungua, ukiilaza kwa ujasiri, meno ya pembeni yanashika na kona inakwenda kama ulivyoipanga. Nikilisukuma jino la pembeni kwa kidole gumba, linapinda kidogo sana, kwa sababu shina lake ni pana kuliko ncha. Kwenye changarawe iliyolegea juu ya udongo mkavu, yaani hali ya njia za Rabai na Kaloleni wakati wa kaskazi, sijaona la mbele ninaloliamini zaidi. Hata hivyo ni zito, karibu kilo moja au kuzidi, na anayeanza kupanda, ambaye bado anaogopa kulaza baiskeli, hatapata faida aliyoilipia.

La pili ni Magic Mary la Schwalbe, kampuni ya Ujerumani. Meno yake ni marefu na yameachana sana, na huu mstari wa rangi ya chungwa unaonyesha kwamba mpira wake ni ule wanaouita Addix Soft. Nafasi hizi pana kati ya meno zina kazi ya kutema matope. Anayepita Mikindani, Miritini na kuendelea hadi Mazeras wakati wa masika anaujua ule udongo wa mfinyanzi unaojishikiza kwenye gurudumu hadi linakataa kuzunguka ndani ya fremu. Tairi lenye meno yaliyobanana hapo huwa kipara kwa muda, kwa sababu matope yameshajaza kila pengo. Magic Mary huyatupa matope hayo kila linapozunguka, mradi tu mwendo usiwe wa kusuasua. Kiangazi likipita kwenye ardhi ngumu, meno yake marefu huyumba na mpira wake huisha, kwa hivyo mimi ningelichukulia kuwa tairi la msimu. Jambo lingine ni upana: matope yanahitaji nafasi kati ya tairi na fremu, na wakati mwingine tairi jembamba kidogo, la 2.2 au 2.3, hupenya utelezi na kufikia udongo mgumu chini, ilhali pana huelea juu yake.

La tatu ni Maxxis Ikon, 29 kwa 2.2, lenye meno madogo, mafupi, yaliyopangwa karibu karibu. Hili ni jepesi na huenda kasi, na nalipendekeza kwa nyuma. Kwenye lami halichoshi, na kwenye mchanga mgumu wa ufuoni maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua ambapo pwani hufunguka sana, linafanya kazi vizuri kuliko yale mawili ya mwanzo. Wengi hudhani mchanga unataka meno makubwa. Mchanga mkavu hauna kitu cha kuumwa. Meno makubwa huuchimba na gurudumu likazama, ilhali tairi pana, la mviringo, lenye upepo mdogo hupita juu yake. (Na tafadhali, ukitoka ufuoni, isuuze baiskeli kwa maji baridi siku hiyo hiyo, la sivyo chumvi itakula mnyororo na spoku kabla tairi halijapata mkwaruzo.) Kwenye tope Ikon hujaa mara moja, na sitamshauri mtu kulifunga mbele kwenye mteremko wenye mawe.

La nne sitalitaja jina. Ni tairi la bei nafuu linaloning'inizwa kwenye kila duka la baiskeli mjini, 26 kwa 1.95, lenye waya kwenye pindo na meno marefu ya mraba yanayovutia macho. Mnunuzi huyatazama meno hayo na kudhani atapanda ukuta. Tatizo ni mpira wenyewe. Ubonyezeni kwa ukucha: haubonyei. Na ubavu wake ni mwembamba. Kwenye udongo mtambarare na lami linatosha, tena hudumu sana, na kwa anayekwenda kazini Changamwe kila siku sina neno baya nalo. Kwenye mwamba wa matumbawe mambo ni mengine. Mwamba ule una makali kama mbuzi ya kukunia nazi, na ukiwa mkavu hushika mpira wowote, kwa hiyo hatari yake ya kwanza ni kuchana ubavu. Ukilowa na kuota ukijani, mpira mgumu huteleza juu yake pasipo onyo. Pale penye mivinje kuna kadhia ya ziada: majani yake membamba yaliyokauka hutandaza zulia juu ya jiwe, na yale matunda yake madogo magumu huviringika chini ya gurudumu. Meno ya aina yoyote hayatoboi zulia hilo kwa uhakika, na kinachosaidia ni kupunguza mwendo kabla ya kona pamoja na tairi lililojazwa upepo kwa kiasi kinachofaa.

Upepo ndio nitakaokaa nao zaidi, maana tairi ghali lililojazwa vibaya hushindwa na tairi rahisi lililojazwa vizuri. Mazoea yetu ni kumpelekea fundi wa bodaboda mwenye kompresa, ajaze hadi tairi liwe gumu, alibonyeze kwa kidole na kusema liko sawa. Likifika PSI 50 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo), tairi hilo linagusa ardhi kwa eneo dogo tu, linadunda juu ya kila jiwe, na wakati liko hewani halishiki chochote. Namba iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha juu ambacho hakifai kuvukwa, na wala si ushauri wa kujaza. Kwa mpandaji wa kilo 75 mwenye tairi la 2.4 au zaidi lisilo na tyubu, ningeanza na PSI 22 mbele na 25 nyuma. Mwenye tyubu aongeze 4 au 5, kwa sababu upepo ukiwa mdogo, jiwe huibana tyubu dhidi ya rimu na kuacha ile pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba. Matairi membamba ya 1.95 hadi 2.1 yanahitaji kiasi cha 30 hadi 35. Kisha rekebisha PSI moja moja: ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza, ukiona mikono inatetemeka kwenye njia iliyo laini, punguza. Kwenye mchanga mkavu unaweza kushusha tairi pana lisilo na tyubu hadi 16 au 18 na kwenda taratibu, lakini uwe na pampu ndogo ya kurudisha upepo kabla hujafika kwenye matumbawe.

Kidole gumba hakipimi tofauti ya PSI 3, na geji ya kituo cha mafuta imetengenezewa magari. Nunua geji yako ndogo. Kumbuka pia kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupandisha presha ya tairi kama hili kwa zaidi kidogo ya PSI moja, kwa hivyo baiskeli iliyoachwa juani nje ya msikiti wakati wa sala ya Ijumaa ipimwe upya ikishapoa kivulini.

Kuhusu kuacha tyubu na kutumia maji ya kuziba pancha, nasema haraka: kwa miiba ya mikunazi na migunga iliyojaa kwenye njia zetu, inafaa, ikiwa rimu na tairi vyote vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Maji hayo hukauka mapema katika joto la pwani, kwa hiyo yaangalie kila baada ya miezi miwili. Mpasuko wa ubavuni uliosababishwa na matumbawe hayauzibi, kwa hivyo beba tyubu moja ya akiba hata hivyo.

Wenye baiskeli za mitumba wasome namba za ubavuni kabla ya kulipa. Baiskeli nyingi za milimani zinazoshuka bandarini ni za inchi 26, na tairi lake ni lile lenye 559 baada ya kistari, kwa mfano 50-559, ambapo 50 ni upana wa tairi na 559 ni kipenyo cha rimu linapokaa pindo, vyote kwa milimita. Tairi la 26 kwa 1 3/8 nalo huitwa inchi 26, lakini ni 590, na haliingii kwenye rimu ya milimani hata fundi alivute vipi. Inchi 27.5 ni 584, na 29 ni 622.

Mwenye pesa ya tairi moja tu, na baiskeli yake inapita njia za mwaka mzima, anunue la mbele: pana kadiri uma wa baiskeli unavyoruhusu, lenye meno ya pembeni yaliyosimama imara, ubavu ulioimarishwa na mpira wa kadiri. Tairi la mbele lililotolewa lihamishiwe nyuma, na la nyuma lililokwisha litupwe. Wakati wa kufunga, tazama mshale wa mwelekeo ulio ubavuni, kwa kuwa baadhi ya matairi yana mshale mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma. Kabla ya kujaza upepo, zungusha gurudumu taratibu mkabala na mwanga ukichunguza ubavu wa tairi la zamani. Ukiona nyuzi za kitambaa zimechungulia mahali popote, tairi hilo lisirudi kwenye mawe.